Tarantula wa Kuanzia

Mtu akisema anafuga buibui ndani ya nyumba, kwa hiari yake, tena buibui anayejaa kiganja, wanaomsikia hushtuka kwanza, kisha huuliza: wa nini? Hakamuliwi maziwa, mayai yake hayaliwi, mlango haulindi. Wafugaji wenyewe, na wako wengi Ujerumani, Uingereza, Poland, Marekani na Japani, wana jibu fupi: wa kutazamwa. Mfugaji wa samaki wa mapambo hana jibu tofauti, na hakuna anayemshangaa.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu anayetaka kuanza. Yapo mengi ya kumweleza kuhusu sanduku, chakula na maji, na yataelezwa. Lakini jambo zito kuliko yote hutokea kabla buibui hajavuka kizingiti, siku ile ya kuchagua. Ni buibui wa aina gani, na alizaliwa wapi? Anayejibu maswali hayo mawili vizuri anaweza kuishi na mnyama wake kwa amani hata miaka 20. Anayeyaruka huishia kumwogopa mnyama aliyemnunua kwa fedha yake, au kuulipia ujangili wa nchi nyingine bila kujua.

Tarantula wote ni wa ukoo mmoja ambao wataalamu wanauita Theraphosidae, na spishi zake zimepita 1,000. Wako Amerika, Afrika, Asia, Australia na hata kusini mwa Ulaya. Yupo Theraphosa blondi wa misitu ya Amerika ya Kusini, ambaye miguu yake ikitandazwa hufika karibu sentimeta 30, upana wa sahani ya pilau ya kualika wageni. Wapo pia wadogo ambao hata wakikomaa hawazidi kidole gumba. Kwa mfugaji mpya mgawanyo wenye maana ni mmoja: wa Amerika, na wasio wa Amerika.

Wengi wa Amerika wana silaha ya pili mbali na meno. Juu ya tumbo wamebeba vinyweleo vyembamba vyenye vimiba. Buibui huyu akisumbuliwa, mara nyingi hageuki kuuma. Anainua mguu wa nyuma, anausugua haraka haraka juu ya tumbo, na vinyweleo vinaruka hewani bila kuonekana. Vikitua kwenye ngozi vinawasha, pengine kwa siku kadhaa. Vikiingia jichoni ni balaa. Mwaka 2009 kijana wa miaka 29 alifika hospitali ya St James's mjini Leeds, Uingereza, jicho limekuwa jekundu na linatoa machozi kwa wiki tatu, dawa za kawaida zimeshindwa. Daktari alipolikuza jicho kwa mashine aliona vinyweleo vyembamba mno vimejichoma kwenye konea. Ndipo kijana alipokumbuka kwamba siku moja alikuwa akisugua doa sugu kwenye kioo cha sanduku la tarantula wake wa Chile, akahisi kitu kinasogea, akageuza kichwa, na vinyweleo vikampiga usoni. Vilikuwa vidogo kiasi kwamba havikuweza kutolewa hata kwa koleo ndogo za upasuaji. Kisa hicho kilichapishwa katika jarida la tiba la The Lancet, na kila anayesafisha sanduku la tarantula wa Amerika angefaa kukijua. Miwani ya kinga, ile anayovaa seremala akikata mbao, inatosha kumwepusha na yaliyomkuta yule kijana.

Tarantula wa Afrika na Asia hawana vinyweleo hivyo. Wao wamejaliwa kasi, na sumu iliyo kali zaidi. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimetokana na sumu ya tarantula, na hilo lisemwe wazi kwa sababu filamu zimewatia watu hofu isiyo na msingi. Hata hivyo kuna kuumwa na kuumwa. Tarantula wa jenasi ya Poecilotheria, wanaoishi kwenye miti ya India na Sri Lanka, wakiuma huweza kumletea mtu maumivu makali na misuli kukakamaa, na hali hiyo kurudi tena baada ya siku kadhaa.

Hapa Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja. Mmoja wa tarantula wanaojulikana zaidi na wafugaji wa dunia nzima ni Pterinochilus murinus, mkazi wa Kenya na Tanzania na nchi nyingine hadi Angola. Ana rangi nyingi: kahawia, kijivu, na ile inayopendwa kupita zote, ya chungwa lililoiva, ambayo wafugaji wa Ulaya na Marekani huiita kwa jina la Usambara. Mtu wa Lushoto akifika kwenye maonyesho makubwa ya Terraristika mjini Hamm, Ujerumani, asishangae kukuta jina la milima ya kwao limeandikwa kwenye kikopo cha plastiki.

Buibui huyu anakua haraka, anavumilia ukavu na anazaana bila taabu, kwa hiyo bei yake ni ya chini. Mgeni anaona rangi, anaona bei, anabeba. Siku anapofungua kifuniko ili aongeze maji, buibui anasimama na miguu ya mbele juu, chonge zake nyeusi ziko wazi. Akichokozwa zaidi anatoa sauti ya kukwaruza, na kufumba na kufumbua ameshatoka sandukuni na yuko nyuma ya kabati. Wafugaji wazoefu wanampenda, na wengi wamekaa naye miaka mingi bila tatizo. Wanachokataa ni kumpa mtu ambaye hajawahi kufuga. Mtu wa pwani anaweza kuona fahari kwamba kiumbe wa kwao anapendwa ng'ambo, na ana haki hiyo, lakini fahari isimfanye aanzie hapo. Vivyo hivyo kwa Pelinobius muticus, jitu la kahawia la Kenya na Tanzania lenye miguu minene ya nyuma ya kuchimbia, ambalo hujichimbia shimo refu na hutoka likiwa limekasirika.

Basi aanze na nani? Majina yanayorudiwa na wafugaji ni machache. Yupo Tliltocatl albopilosus wa Honduras, Nicaragua na Costa Rica, mwenye manyoya marefu yaliyojisokota kama yamewekwa mawimbi saluni. Yupo Brachypelma hamorii wa Mexico, mwenye magoti mekundu. Yupo Grammostola pulchra wa kusini mwa Brazili na Uruguay, mweusi tii kuanzia ncha ya mguu hadi mgongoni. Yupo pia Aphonopelma chalcodes wa jangwa la Arizona, mwenye rangi ya majani makavu. Wote ni wapole, wazito wa mwendo, na husamehe makosa madogo ya mfugaji. Akibanwa ataje mmoja tu, mwandishi wa mazungumzo haya anamtaja yule wa manyoya yaliyojisokota: anakula vizuri, hajifichi siku zote, na wafugaji wamemzalisha kwa wingi kiasi kwamba hakuna sababu ya mtu yeyote kumchimbua porini.

Neno hilo la kuchimbua ndilo kiini cha habari.

Katika miaka ya 1970 na 1980, tarantula wa magoti mekundu walichotwa kwa wingi kutoka kwenye mashimo yao upande wa Pasifiki wa Mexico, wakapelekwa madukani Marekani na Ulaya. Walipendwa kwa uzuri na upole wao. Mwaka 1985 wakaingizwa katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na baadaye wenzao wa jenasi hiyo nao wakafuata. Sababu yake iko katika umri. Jike wa aina hii huchukua miaka saba au zaidi kufikia utu uzima, kisha huweza kuishi hata zaidi ya miaka 20. Wa kwanza kuonekana na mchimbaji ni yule jike mkubwa mwenye shimo kubwa, ambaye ndiye mama wa eneo lile. Akiondolewa, pengo lake halizibiki msimu ujao wala ule unaofuata. Na huko mikononi mwa mfugaji stadi, jike kama huyo hutengeneza kifuko kimoja cha hariri chenye mayai mamia kadhaa. Kwa hesabu hiyo, biashara nzima ya spishi hizi ingeweza kutegemea wazazi waliokwisha kuwamo majumbani.

Lakini bado wako wanaochota. Novemba 2024, katika uwanja wa ndege wa Lima, Peru, msafiri mmoja alitiliwa shaka kwa sababu tumbo lake lilikuwa limevimba isivyo kawaida. Alipopekuliwa, walikuta amejifunga mwilini vifuko vyenye tarantula 320, wengi wao wakiwa wadogo, pamoja na tandu 110 na sisimizi wakubwa tisa. Kenya nayo ilipata habari ya namna hiyo mwaka 2025. Vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi wavunaji kama 5,000, waliotiwa kwenye vijichupa vyenye pamba. Mei 7, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wao, Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja faini ya shilingi milioni moja kila mtu, au kifungo cha miezi 12. Wengi walishangaa kwamba mdudu anaweza kumfikisha mtu kizimbani. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haipimi ukubwa. Inamhesabu mnyama yeyote wa porini aliye wa asili ya nchi, na tarantula wa Tsavo yumo kama tembo wa Tsavo alivyomo. Tanzania nayo ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai wa porini kwenda nje mwaka 2016.

Kijana wa Voi au Korogwe anayepigiwa simu na mgeni akiahidiwa fedha kwa kila buibui atakayemkusanya, ayajue hayo kabla hajachukua jembe. Anayetaka kufuga, iwe wa hapa au wa kuagiza, aulize kwanza: Kenya ni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na Tanzania ni kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Kwa Waswahili wanaoishi Ulaya na Marekani, ambako wafugaji ni wengi na maduka yapo, kazi ni kumhoji muuzaji. Nani alimzalisha? Alitoka lini kwenye kifuko? Mzazi wake yuko wapi? Anayezalisha mwenyewe hufurahia maswali hayo na huyajibu mpaka msikilizaji achoke. Anayeyakwepa, huku ameshika buibui mkubwa wa aina inayokua polepole na anamuuza kwa bei ya kutupa, huenda ameshika mnyama aliyetoka porini.

Sanduku halina ugumu. Liwe la plastiki au kioo, lenye kifuniko kinachofungika sawasawa na matundu ya hewa ubavuni, upana wake kama mara tatu ya urefu wa miguu ya buibui. Chini lijazwe makumbi ya nazi yaliyosagwa, sentimeta 10 hadi 15, yashindiliwe kidogo. Kifuu cha nazi kilichokatwa mdomo kinafaa kabisa kuwa pango. Kibakuli cha maji safi kiwemo wakati wote. Taa ya kupasha joto haihitajiki: nyumba yenye joto la kumfaa mtu inamfaa na yeye, na taa hizo hukausha wanyama mpaka wakafa. Kifuniko cha wavu wa waya nacho kiepukwe, maana makucha yake hunasa humo akipanda, akabaki ananing'inia.

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya Ulaya huigusa juu juu tu, na ambayo katika nyumba ya Mombasa au Mwanza ni ya kila jioni. Ni dawa ya kupuliza ya mbu na mende. Inayomuua mende humuua na tarantula, na hata udi wa mbu uliowashwa chumbani usiku kucha si wa kuaminiwa. Mwenye buibui afunge wavu madirishani na atumie chandarua. Wala asimlishe nyenje waliookotwa bustanini kwa jirani anayepiga dawa.

Kwa nini maji yanasisitizwa, hata kwa mnyama wa jangwani? Kwa sababu ya namna anavyotembea. Buibui ana misuli ya kukunja miguu, lakini katika viungo vikubwa hana ya kuinyoosha. Huinyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili kutoka kifuani hadi miguuni. Akikaukiwa, msukumo unapungua na miguu inaanza kujikunja chini ya mwili. Tarantula akionekana amesimama huku miguu imekunjwa ndani kama ngumi, hali yake ni mbaya, na jambo la kwanza ni kumsogeza mdomo wake ukingoni mwa maji.

Chakula ni nyenje au mende waliofugwa kwa kazi hiyo. Wadogo hulishwa mara moja au mbili kwa wiki, na wakubwa huweza kukaa wiki mbili kwa mlo mmoja. Masalia yaondolewe kesho yake. Mfugaji mpya huhangaika pale buibui anapogoma kula, na wa Chile wanasifika kwa hilo. Wamejulikana kukaa miezi na miezi bila kugusa chochote na tumbo bado limejaa. Tumbo likiwa nono na maji yapo, aachwe.

Mara nyingi mgomo huo una sababu nzuri: anajiandaa kujivua gamba. Siku hizo ndizo zinazowatenganisha wafugaji na watu waliokuwa wanataka tu kuwaonyesha marafiki. Ngozi ya tumbo, hasa pale palipobaki bila manyoya, inaanza kuwa nyeusi. Buibui anatandaza mkeka wa hariri sakafuni, kisha anapinduka na kulala chali, miguu juu. Wageni wengi humdhani amekufa, na wako waliomzika angali hai. Tarantula anayekufa mara nyingi hujikunja akiwa amesimama. Huyu aliyelala chali yuko kazini. Asiguswe, asipulizwe, asigeuzwe. Baada ya muda mrefu wa kutulia, ngao ya kifua inafunguka ukingoni kama kifuniko cha sufuria, na miguu minane inavutwa taratibu, yote kwa pamoja, ikitoka kwenye ile ya zamani. Chonge mpya zinatokea zikiwa nyeupe na laini. Hata utando wa ndani ya koo na tumbo la chakula hubadilishwa. Mguu uliokatika mwaka jana unaweza kuanza kurudi, mwembamba kuliko wenzake. Kwa wiki moja au zaidi asipewe chakula, mpaka chonge ziwe nyeusi na ngumu, na nyenje aliyebaki sandukuni atolewe haraka, kwani anaweza kumtafuna buibui huyo asiyeweza kujitetea.

Kumshika? Wapo wanaowashika, na picha zao zinapendwa. Lakini tarantula hamjui mwenye nyumba. Macho yake manane huona hafifu, na dunia yake ni mtikisiko unaopita kwenye manyoya ya miguu. Kiganja cha mtu kwake ni ardhi yenye joto inayotembea. Hapati raha yoyote humo, na akidondoka kutoka usawa wa kifua, tumbo lake laini hupasuka na hakuna tiba. Ndiyo maana hata sanduku la buibui wa ardhini halitakiwi kuwa na kimo kikubwa juu ya udongo. Akihitaji kuhamishwa, kikombe cha plastiki kinawekwa mbele yake, na brashi laini ya kupakia rangi inamgusa nyuma taratibu mpaka aingie mwenyewe. Kazi hiyo ifanywe sakafuni, mlango ukiwa umefungwa.

Gamba lililovuliwa lisitupwe. Likiloweshwa na kukunjuliwa kwa uangalifu, sehemu ya ndani ya tumbo huonyesha chini ya lenzi kama buibui ni jike au dume, na habari hiyo inabadilisha mipango yote. Jike ana miaka mingi mbele yake. Dume akishajivua gamba mara ya mwisho anatokea na miguu mirefu zaidi na vifundo kama ngumi za bondia mbele ya uso, vya kubebea mbegu, na tangu hapo hana utulivu: anazunguka sanduku usiku kucha, chakula kinamchosha, na kwa kawaida anaishi mwaka mmoja tu au pungufu ya hapo. Wafugaji wenye mapenzi na kazi hii hawamwachi amalizie siku zake akikwaruza ukuta wa plastiki. Wanatafutana, anasafirishwa kwa mwenye jike, na mapatano ya kawaida ni kwamba kifuko kikifanikiwa, vitoto vinagawanywa nusu kwa nusu. Vitoto hivyo, kila kimoja kikiwa na upana wa nusu sentimeta, hutiwa kwenye vichupa vyenye makumbi yenye unyevu kidogo, na hivyo ndivyo atakavyouziwa mtu mwingine anayetaka kuanza.